Kofia Mbele ya Picha

Haya ninayoyasimulia hayakutokea. Kama yalitokea, hayakutokea kwetu. Na kama yalitokea kwetu, basi yamekwisha kukanushwa na msemaji wa serikali, tena kwa sauti nzuri kuliko yangu. Kwa hiyo msomaji asome bila wasiwasi, akijua kwamba hizi ni habari za nchi nyingine kabisa, inayofanana na anayoijua kwa bahati mbaya tu.

Katika nchi hiyo mkuu wa dola huitwa Mwangaza Mkuu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini kulitaja ni kosa, hivyo tumelisahau kwa hiari yetu. Umeme nao upo. Upo kwenye hotuba, upo kwenye wimbo wa taifa, ubeti wa pili, na upo nyuma ya noti, pale palipochorwa balbu inayotoa miale. Majumbani hufika pia, mara mojamoja, kama mjomba anayeishi mbali: hasemi kama anakuja, na ukiinuka kumtafutia kiti amekwisha kuondoka.

Wizara inayohusika ni Wizara ya Nuru na Mwonekano. Zamani zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa ilipogundulika kwamba ya pili ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi za ya kwanza.

Mimi nimeajiriwa huko, Idara ya Video. Ninaandika maneno yanayosemwa na ile sauti nzito ambayo mwenyewe haonekani, inayosema "Na sasa taifa linasonga mbele" huku picha ikionyesha trekta. Nimeandika juu ya trekta, juu ya madaraja, na juu ya bwawa ambalo halijachimbwa ila maji yake tumeshayapiga picha kwingine. Ni kazi safi na mtu hachafuki mikono.

*

Mambo yalianza Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Mashobo, aliporudi kutoka kwenye mkutano wa ng'ambo. Huko kila nchi ilionyesha video ya mafundi wake wa umeme: wanavyofunzwa, wanavyopanda minara, wanavyounga nyaya huku wananing'inia hewani. Zamu yetu ilipofika tulionyesha ngoma. Wageni walipiga makofi, lakini Waziri aliyasikiliza vizuri yale makofi, akaona kwamba ni ya huruma.

Alirudi amevimba.

"Dunia inadhani hatuna mafundi!" aliunguruma kwenye kikao.

"Kwani tunao, Mheshimiwa?" aliuliza naibu wake, kwa nia njema kabisa. Siku hizi naibu huyo anashughulikia mifugo, mbali sana, na nasikia mbuzi wamemzoea.

Tulikuwa nao. Hilo nalisema mimi, na si kwa sauti ya video. Tulikuwa na chuo cha mafundi ambacho watu wa nchi jirani walikuja kusoma. Uani kulikuwa na msitu mdogo wa nguzo za kujifunzia kupanda. Nguzo hizo baadaye zilichukuliwa kujengea jukwaa la sherehe za taifa, na vijana wakawa wanajifunza kupanda kwa kuchorewa ubaoni, mpaka chuo chenyewe kikafungwa. Kulikuwa na kufuli nyekundu za kufungia swichi, mtu asije akawasha umeme wakati mwenzake yuko juu. Kulikuwa na glavu za mpira. Kulikuwa na waya mnene unaofungwa kwenye laini ili umeme ukija bila kutarajiwa uingie ardhini usimwingie mtu. Vyote hivi Wizara ilivikusanya ikavipeleka Makumbusho ya Usalama, mjini, vikawekwa ndani ya vioo na kuwekewa taa. Juu ya mlango pameandikwa TUNAWAJALI. Ukigusa kioo unakamatwa.

Mafundi, baada ya kubaki mikono mitupu, wakajitungia desturi yao. Fundi anayepanda nguzo huvua kofia yake, ile ya kitambaa iliyolowa jasho lake, na kuitundika kwenye mkono wa swichi, ule unaovutwa kuwasha umeme, kule chini kwenye kibanda. Hapo hakuna anayeugusa mkono huo, awe mkuu wa kituo, awe mkaguzi, awe mgonjwa anayekufa kwa joto akililia feni. Kofia huondolewa na mwenye kichwa tu. Akishuka anaivaa mwenyewe, na wakimwona ameivaa wenzake wanajua amerudi. Mafundi wa kituo kimoja huzijua kofia za wenzao kama mnavyojua viatu vilivyoachwa mlangoni ni vya nani.

Kwa desturi hiyo, tangu kufuli ziende makumbusho, hakufa mtu. Wizara ililiona hilo ikasema ni matunda ya makumbusho.

*

Kwa ajili ya video kilichaguliwa kituo cha Ndarakwe, kwa sababu kina mlima na mlima unapendeza kwenye picha. Kibanda cha swichi kiko chini, karibu na barabara. Nguzo iliyohitaji kuungwa laini iko juu kabisa, na ukiwa kibandani huioni nguzo, wala ukiwa nguzoni hukioni kibanda. Naomba msomaji akumbuke hilo.

Mafundi wa hapo walikuwa wawili. Mwinshehe alikuwa mpandaji, mtu mrefu mwenye mbwembwe, aliyekuwa akipiga mluzi kila anapofika juu. Mlinzi wake wa chini alikuwa Siwema, mdogo wa mke wake, ambaye yeye Mwinshehe ndiye aliyempeleka chuo. Walitaniana mchana kutwa, kama ilivyo haki ya shemeji.

"Shemeji," Mwinshehe alimwuliza asubuhi ya kwanza, "wanasema nitaonekana nchi nzima. Nivae nini?"

"Vaa sura nyingine," Siwema akamjibu. "Hiyo dada yangu ameshaizoea, lakini taifa halijakukosea kitu."

Dada mwenyewe, Mwanahawa, alikuwa na neno lake moja. Kila asubuhi alipowasindikiza mlangoni hakumwambia mumewe awe mwangalifu, maana alijua mumewe hasikii. Alimwambia mdogo wake: "Umrudishe kama nilivyokupa." Siwema alinisimulia hayo tukinywa chai, akicheka. "Kama ni birika vile," alisema. "Nimeazimwa, nirudishe bila ufa."

Mwongozaji wa video alikuwa Bwana Lameki, aliyesomea ng'ambo na kurudi na skafu ambayo hakuivua hata kwenye joto la Ndarakwe. Alimtazama Mwinshehe akaona hafanani na fundi. Akaagiza mwigizaji kutoka mjini, kijana mwenye kifua kizuri na meno mazuri. Mwigizaji akavishwa mkanda, akapakwa grisi kidogo kwenye shavu, akaambiwa apande. Aliikumbatia nguzo usawa wa kiuno, akafumba macho, akaomba aitiwe mama yake.

Ndiyo Mwinshehe akarudishiwa kazi yake mwenyewe.

*

Sasa lazima niwaeleze sheria mbili, ambazo kila moja peke yake ni nzuri sana.

Sheria ya kwanza inasema: hakuna picha ya serikali itakayopigwa mahali ambapo picha ya Mwangaza Mkuu haionekani. Ya pili inasema: hakuna kofia mbele ya uso wa Mwangaza Mkuu, uwe uso wenyewe au wa kuchora. Mzee mmoja kwetu alivuliwa kilemba akiwa hospitali, mahututi, kwa sababu kitanda chake kilielekea ukutani penye picha.

Msimamizi wa sheria hizi alikuwa Bi Kidawa, Mkuu wa Itifaki, mama mwenye sauti ya upole inayotia baridi. Siku ya kupiga picha aliingia kwenye kibanda cha swichi akifuatwa na watu waliobeba picha kubwa yenye fremu ya dhahabu. Mimi nilikuwa ndani na makaratasi yangu. Pale kibandani hakukuwa na ukuta mtupu ila mmoja, ule wa swichi. Picha ikatundikwa hapo. Mwangaza Mkuu akatabasamu juu ya swichi, na chini ya kidevu chake, kwenye mkono wa swichi, ikaning'inia kofia ya Mwinshehe.

"Ya nani hii takataka?" Bi Kidawa aliuliza.

Mtu mmoja akamwambia ni ya fundi aliyeko juu, ni desturi yao.

"Desturi yao ni kumtukana Mkuu wa Nchi?"

Akaishika kwa vidole viwili, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Waziri akaingia. Akasimama mbele ya kamera, akasema maneno niliyomwandikia kuhusu kizazi kinachoangaza vizazi, akaushika mkono wa swichi, akauvuta kwa nguvu zote.

Haikutokea kitu. Ulikuwa mgao. Umeme ulikuwa umekatwa mkoa mzima tangu alfajiri, na hakuna aliyethubutu kumwambia Waziri wa Nuru.

Huko juu Mwinshehe aliendelea kukaza boliti zake na kupiga mluzi, asijue lolote. Nimetumia maisha yangu yote ya utu uzima kuulaani mgao wa umeme. Siku ile niliusamehe kila kitu.

*

Siwema aliteremka kutoka chini ya nguzo kuja kuchukua maji. Alipoingia kibandani aliuona mkono wa swichi umevutwa na kofia haipo. Alishika ukuta.

"Kofia iko wapi?"

"Kofia gani?" Bi Kidawa akauliza.

"Ya shemeji yangu. Ilikuwa hapa. Nani kaiondoa?"

"Lile tambara? Limehifadhiwa. Tulia, binti, usipaze sauti mbele ya picha."

"Mama, mtu yuko juu!"

"Na huyu je?" Bi Kidawa alimwonyesha fremu ya dhahabu. "Huyu yuko wapi?"

Siwema alirudisha swichi kwa mikono miwili, akavua kofia yake mwenyewe, akaitundika pale, akakaa chini mlangoni. Alikuwa na haki ya kutukana, na alitukana, kwa lugha ambayo sitaiandika kwa sababu najivunia kazi yangu.

Kikaitishwa kikao cha dharura chini ya turubai la Waziri. Mwinshehe alishushwa akaja kusikiliza. Aliposimuliwa yaliyotokea aliacha mzaha kwa muda kidogo, akajipapasa kichwa kitupu kama mtu anayehakikisha kipo.

"Toeni picha," Siwema alisema. "Akishuka mtairudisha."

"Picha haitolewi ila kwa amri ya aliyemo ndani yake," Bi Kidawa akajibu.

"Basi igeuzeni iangalie ukuta."

Dereva mmoja aliondoka taratibu, asije akaitwa shahidi.

"Umgeuzie ukutani," Bi Kidawa alisema polepole, "afanye nini huko? Asome rangi?"

Hapo ndipo Bwana Lameki alipokuja na suluhisho la kisanii. Alisema watu wanagombana bure. Kofia ingepigwa picha peke yake, baadaye, studio, halafu ingebandikwa kwenye swichi kwa kompyuta. "Usalama utakuwepo," alisema. "Tutauweka kwenye kuhariri."

"Na shemeji yangu," Siwema akamwuliza, "naye utamshusha kwenye kuhariri?"

Mwishowe yakafikiwa maafikiano, kama yanavyofikiwa siku zote kati ya mtu na serikali. Kofia ingekaa kwenye swichi mpaka Waziri aingie. Waziri akiingia, ingeondolewa kwa heshima, iwekwe kwenye mto mwekundu wa mahameli ulioletwa kwa ajili ya mkasi wa kukatia utepe. Waziri angeugusa tu mkono wa swichi bila kuuvuta. Kofia ingerudishwa. Kisha Mwinshehe ashuke, aivae, na hapo ndipo umeme uwashwe kweli na balbu ya kibandani ionekane ikiwaka. Ili balbu iwake, Waziri aliamuru umeme wote wa nchi uelekezwe Ndarakwe kwa muda wa kupiga picha. Viwanda vikazimwa. Hospitali kuu ikaombwa iwe na uzalendo.

"Mimi nakaa kibandani na kofia," Siwema alisema.

Haikuwezekana. Kwenye video yeye alikuwa ndiye Nafasi ya Mwanamke. Alitakiwa chini ya nguzo, amevaa ovaroli jipya, akimtazama shemeji yake kwa tabasamu la matumaini. Alimgeukia Waziri mwenyewe, na nilimwona alivyokunja mikono kifuani kama anayeomba maji.

"Mheshimiwa, utagusa tu? Hutavuta?"

"Binti yangu," alisema Waziri, akamwekea mkono begani, "mimi ni baba."

Siwema bado hakutaka. Ni Mwinshehe aliyemvuta pembeni. "Shemeji, tumalize. Tukikataa watamwita yule mwenye meno mazuri, na safari hii hata mama yake hatamfikia."

Alicheka, na Siwema naye akacheka kidogo, kwa sababu ndivyo walivyozoea. Walishuka pamoja mpaka kibandani. Mwinshehe aliitoa kofia yake kwenye mfuko wa plastiki, akaipigapiga pajani kuondoa vumbi, akaitundika. Siwema akaishika kuhakikisha imekaa, ndipo wakapanda mlima.

*

Nimepewa kipaji cha kueleza mambo kwa kirefu, lakini hili nitalisema kwa ufupi.

Waziri aliingia. Bi Kidawa aliiondoa kofia kwa mikono miwili safari hii, akaiweka juu ya mto wa mahameli, na lazima nikiri ilikuwa heshima nzuri, sijaona kofia ya fundi ikitendewa vile. Bwana Lameki akasema, "Mheshimiwa, weka mkono, usivute, tazama kamera." Waziri akaweka mkono. Akatazama kamera. Akainua macho akaitazama picha, na picha ikamtazama. Nikaona kitu kinampanda usoni, kile kitu kinachowapanda wakubwa wakikaribia kufanya jambo mbele ya mkubwa zaidi.

"Mimi si mwigizaji," alisema. "Waigizaji ni wapinzani."

Akavuta.

Balbu iliwaka. Iliwaka vizuri sana, maana umeme wa taifa zima ulikuwa ndani yake. Watu wote kibandani walipiga makofi kabla mmoja wao hajakumbuka, na aliyekumbuka alikuwa mimi, na nilichokifanya ni kuangusha makaratasi.

Huko juu bendi iliyoletwa kwa ajili ya video ilikuwa ikipiga kwa mashavu yaliyojaa. Siwema alikuwa chini ya nguzo, uso ameuinua, anatabasamu kama alivyoagizwa. Mluzi ulikatika. Sitaeleza alichokiona. Kamera ya pili, iliyokuwa huko juu, ilikuwa ikirekodi na imekieleza, na kwa ajili ya kazi yangu nimelazimika kukitazama mara nyingi kuliko mtu anavyopaswa.

Siwema alikuja kibandani akiwa peku. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye mto wa mahameli akaichukua kofia. Mlangoni Waziri alikuwa akihojiwa na redio kuhusu balbu.

"Nitamwambia nini Mwanahawa?" Siwema alituuliza.

Tulikuwa watu wengi mle ndani, wenye shahada na wasio nazo; mimi niliinama kuokota makaratasi yangu. Akapanda mlima tena. Wanaojua waliniambia alimvisha kofia kichwani kwa mkono wake, kwa sababu ndiyo desturi: kofia inarudi kwenye kichwa chake.

*

Serikali haikulala. Iliunda tume. Tume ikakaa kwenye hoteli yenye jenereta, na kwa kuwa wajumbe walikuwa watu wa ushahidi, si wa porojo, walitaka kuona kwa macho yao. Wakaletewa video. Kwa bahati Bwana Lameki alikuwa amekwisha kuihariri.

Sijapata kuona video nzuri kama ile. Mlima umepakwa kijani zaidi. Mwinshehe anapanda kama anayepaa. Na kibandani, kwenye mkono wa swichi, inaonekana kofia, mpya, iliyopigwa pasi, yenye rangi za bendera ya taifa, wala haimkeri mtu, maana kofia ya kompyuta si kofia kisheria. Haiondoki hata mara moja. Waziri anasimama karibu nayo kwa adabu, na balbu inawaka yenyewe kwa furaha.

Tume iliitazama, ikairudia, ikatoa ripoti. Kofia, ripoti ilisema, ilikuwepo muda wote. Inafahamika kwamba swichi yenye kofia haiguswi. Kwa hiyo swichi haikuguswa. Kwa hiyo hapakuwa na umeme kwenye laini. Kwa hiyo marehemu hakufa kwa umeme, bali kwa kimo, ugonjwa unaowapata watu wanaokaa juu.

Siwema aliitwa kutoa maelezo. Alieleza yote: mfuko wa plastiki, mto wa mahameli, mkono wa Waziri begani kwake. Mwenyekiti alimsikiliza kwa upole mkubwa. Kisha akaomba video irudishwe nyuma, isimamishwe mahali fulani.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Anafanya nini?"

Siwema aliutazama uso wake ukutani, mkubwa kama nyumba.

"Anatabasamu," mwenyekiti alimsaidia. "Hii ni dakika ileile unayosema shemeji yako alikuwa anaungua. Sasa tuambie, binti, kwenu mtu akiona ndugu yake anakufa hutabasamu?"

Siwema alitoka nje. Kwenye ngazi alikuwa amekaa Mwanahawa, na kanga mbili, moja kichwani moja mapajani, akisubiri aambiwe mumewe alikufa kwa nini. Siwema akakaa kando yake. Sikusogea karibu kusikia walichoambiana.

*

Video ilipelekwa ng'ambo ikashinda tuzo. Majaji waliguswa hasa na kofia. Mataifa makubwa, wao wenye kufuli zao bado kwenye swichi, walituomba tuwafundishe desturi hii ya utu. Chuo cha mafundi kikafunguliwa tena, safari hii kama ukumbi wa kutazamia video. Kijana akiitazama mpaka mwisho anapewa cheti cha fundi.

Ikapangwa siku ya kuizindua video mbele ya taifa. Ukumbi wa Nuru ulijengwa mjini kwa ajili hiyo, bila madirisha, maana mbunifu aliuliza nuru ya nje ya kazi gani katika ukumbi wa jina hilo. Ilikuwa adhuhuri, jua limewaka nje mpaka lami inalainika. Ndani Mwangaza Mkuu mwenyewe alikaa mbele, kwenye kiti cha kuzunguka. Waziri alipangiwa kuvuta swichi ya dhahabu jukwaani, skrini iwake, taifa lijitazame. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na maneno yangu, ambayo yalianza: "Usalama kwanza."

Kabla ya swichi ya dhahabu, taa zote zilizimika.

Wakatuma watu kwenye kibanda cha umeme wa ukumbi. Walirudi wakapapasa gizani mpaka kwa Waziri wakamnong'oneza: swichi ipo, mkono wake haupo. Umechomolewa, limebaki tundu. Simu zikaanza kulia kutoka mikoani. Kila kituo nchini habari ilikuwa hiyohiyo. Mafundi wamepanda nguzo kwa wakati mmoja, na kila aliyepanda amezima kwanza, amechomoa mkono wa swichi yake na kuuchomeka kwenye mkanda kiunoni. Kofia zao wamezivaa.

Bi Kidawa akatoka nje, nami nikamfuata. Mwanga ulitupiga machoni tukabaki tunapepesa. Juu ya nguzo iliyokabili mlango alikuwa Siwema, miguu amening'iniza, mkono wa swichi umetokeza ubavuni mwake.

"Teremka, binti!" Bi Kidawa aliita. Ile sauti ya upole ilikuwa imempotea. "Mwangaza Mkuu amekaa gizani!"

"Na nyinyi kofia mmevua?" Siwema aliuliza kutoka juu.

Tulikuwa tumevua. Ukumbi mzima ulikuwa umekaa vichwa wazi, mbele ya picha ambayo hakuna aliyekuwa akiiona.

Polisi walifika, wakaizunguka nguzo, wakaitazama. Hakuna aliyejua kupanda. Wahitimu wapya wa chuo waliitwa na vyeti vyao. Walisema wao sehemu ya kupanda wameiona mara nyingi. Mwisho akaletwa yule mwigizaji. Aliikumbatia nguzo usawa wa kiuno.

"Unataka nini?" Bi Kidawa alipaza sauti.

"Ripoti iseme kofia ilikuwa wapi. Iseme nani aliiondoa na nani alivuta swichi. Mwanahawa asomewe, palepale kwenye ngazi alipokaa. Nikimaliza kusikia, nashuka."

"Hilo haliwezekani, na unajua. Kofia ilikuwa kwenye swichi. Dunia nzima imeona. Video inaonyesha!"

Siwema aliushika ule mkono wa swichi kiunoni kwake, akaukaza vizuri kwenye mkanda.

"Basi," akasema, "iangalieni."